Chanjo "Hai" na Chanjo "Mfu": Uhakiki wa Tafsiri ya Maelekezo ya Kumchanja Farasi Mwenye Mimba

Istilahi hupimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuilinganisha na neno la lugha chanzi na kuuliza kama maana yake imeletwa kamili. Njia ya pili ni kuuliza msomaji aliyekusudiwa atatenda nini baada ya kuisoma. Katika kazi zetu nyingi njia ya kwanza ndiyo itumikayo, na mara nyingi hutosha. Lakini iko aina ya maandishi ambayo kwayo njia hiyo peke yake haitoshi hata kidogo, nayo ni maandishi ya maelekezo ya dawa. Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kuhakiki tafsiri moja fupi iliyotufikia, ihusuyo uchaguzi wa chanjo zilizo salama kwa farasi jike mwenye mimba.

Maandishi yenyewe ni karatasi ya maelekezo yenye kurasa nne, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya masaisi na wasimamizi wa mabanda ya farasi nchini Kenya. Hatumtaji mfasiri wala waliomwajiri, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si yake peke yake. Ni makosa ambayo mfasiri yeyote mwenye kamusi nzuri na haraka ya kazi angeweza kuyafanya, na ndiyo sababu yafaa yazungumzwe hadharani.

Huenda msomaji akauliza farasi wanatuhusu nini, hali wafugaji wetu wengi ni wa ng'ombe, mbuzi na punda. Jibu ni kwamba mashindano ya farasi yamekuwako Nairobi tangu mwanzo wa karne ya 20, na wanaowatunza farasi hao kila siku ni masaisi, ambao wengi wao husoma Kiswahili kwa wepesi kuliko Kiingereza. Zaidi ya hayo, maneno tutakayoyajadili hayamhusu farasi peke yake. Atakayeandika juu ya punda, ng'ombe au hata binadamu atakutana nayo yale yale.

Kwanza yatupasa tueleze kwa ufupi jambo lenyewe. Farasi jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 11 hivi, yaani siku 340 kwa makadirio, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Mimba ikiharibika, kazi ya mwaka mzima imepotea. Tena kondo la nyuma la farasi haliziruhusu kingamwili za mama kupita kumfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo mtoto huzaliwa karibu hana kinga yoyote, na huipata kwa kunyonya dang'a katika saa za mwanzo za uhai wake. Baada ya saa 24 hivi utumbo wake hauwezi tena kuzipokea kingamwili hizo. Basi chanjo ya farasi mwenye mimba ina kazi mbili: kumkinga mama pamoja na mimba yake, na kuijaza dang'a kinga itakayomfaa mtoto. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hushauri kwamba jike aliyekwisha kuchanjwa hapo awali arudiwe chanjo za magonjwa kama pepopunda wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa. Masuala makuu, kwa hiyo, ni mawili: chanjo ya namna gani, na kwa wakati gani. Yote mawili hujibiwa kwa maneno, na hapo ndipo mfasiri anapoingia.

Yafaa tuanze na sifa, kwa kuwa tafsiri hii inazo. Mfasiri hakuogopa kutumia neno dang'a, ambalo wafugaji wanalo tangu zamani, badala ya kubuni maelezo marefu yasiyo na ladha. Ametumia pepopunda, kichaa cha mbwa na kimeta bila kusita. Wadudu wadogo waenezao ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika amewaita usubi, na msomaji anawafahamu mara moja. Katika sehemu hizo lugha yake ni ya mtu aliyewasikiliza wafugaji.

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa, limo katika maneno "chanjo hai" na "chanjo mfu". Karatasi inasema kwamba farasi mwenye mimba apewe "chanjo mfu", na kwamba aepushwe na "chanjo hai". Kwa kipimo cha kamusi hapana kosa lolote. Chanjo za namna ya kwanza zimetengenezwa kwa vijidudu vilivyouawa, na za namna ya pili kwa vijidudu vilivyo hai ambavyo vimedhoofishwa. Lakini tuulize saisi atasoma nini. Katika Kiswahili cha leo neno "hai" lina maana ya pili iliyoenea sana. Mwanachama hai ni yule aliyelipa ada yake. Leseni hai ni ile ambayo muda wake haujakwisha. Kwa upande wa pili, betri iliyokufa ni ile isiyo na nguvu tena. Basi msomaji atakayeambiwa achague kati ya "chanjo hai" na "chanjo mfu" ana haki kabisa ya kufahamu kwamba ya kwanza ni nzima na ya pili imeharibika au imepitwa na wakati. Akiwa mtu mwangalifu, anayempenda mnyama wake, ataona kwamba karatasi imekosea chapa, naye atamchoma sindano ile ile aliyokatazwa.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Chanjo ya kimeta itumikayo sana kwa mifugo duniani imetokana na kazi ya Max Sterne huko Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1930. Nayo ni chanjo yenye vijidudu hai, isiyoshauriwa kwa farasi mwenye mimba. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika inayotengenezwa Onderstepoort nayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na tahadhari ya kawaida ni kutowachanja majike mwanzoni mwa mimba. Katika shamba lenye ng'ombe na farasi pamoja, chupa ya chanjo ya kimeta yaweza kuwamo katika sanduku moja la barafu na chanjo nyingine. Kinachomlinda jike hapo ni maneno yaliyoandikwa.

Kosa la pili ni dogo kwa sura, lakini latisha zaidi kwa wepesi wa kutendeka. Iko aina ya virusi vya hepesi ya farasi, yaani ile ya namba 1, ambayo huwaharibia majike mimba, hasa katika theluthi ya mwisho. Ili kupunguza hatari hiyo, desturi iliyokubalika ni kumpa jike chanjo yenye virusi vilivyouawa mara tatu: mimba inapofikia miezi 5, miezi 7 na miezi 9. Karatasi yetu inasema hivi: "Mchanje farasi mwezi wa tano, wa saba na wa tisa." Hatudhani kwamba yuko msomaji wa Kiswahili ambaye hatasoma hapo Mei, Julai na Septemba. Ndivyo tunavyoitaja miezi ya mwaka tangu shuleni hadi ofisini. Jike aliyepandwa mwezi Novemba atakuwa na mimba ya miezi 6 hivi ifikapo Mei, na miezi 10 hivi ifikapo Septemba. Kila chanjo imechelewa mwezi mmoja. Aliyepandwa mwezi Machi atachanjwa mara zote tatu kabla mimba haijatimiza miezi 7, na muda wa hatari utakapofika hatarudiwa tena. Dawa ya kosa hili ni nyepesi mno: tuseme "mimba ikiwa na miezi 5", wala tusiseme kamwe "mwezi wa tano wa mimba" mahali ambapo neno la mwisho laweza kudondoka.

Kosa la tatu ni la ukoo mmoja na hilo. Kiingereza hugawa mimba katika sehemu tatu zilizo sawa, na neno linalotumika kuitaja kila sehemu lina asili ya Kilatini yenye maana ya miezi mitatu. Kwa mwanamke hesabu hiyo inakubaliana, kwa kuwa mimba yake ni ya miezi 9. Katika vijitabu vya afya ya mama na mtoto tumezoea kusema "miezi mitatu ya kwanza", na tumesema kweli. Mfasiri wetu amelichukua fungu hilo la maneno akalipeleka bandani. Lakini theluthi ya mimba ya farasi ni karibu miezi 4, si mitatu. Kwa hiyo chanjo iliyokatazwa katika theluthi ya kwanza imeruhusiwa, kwa kalamu ya mfasiri, wiki tatu hivi kabla ya muda wake. Kwa punda, ambaye hubeba mimba kwa miezi 12 au zaidi kidogo, kosa lingekuwa kubwa kuliko hilo. Neno theluthi lipo, ni letu, linafahamika na kila aliyesoma hesabu za darasani, na linamfaa kila mnyama bila kujali urefu wa mimba yake. Tunashauri litumike.

Kosa la nne linahusu jina la ugonjwa. Chanjo ya virusi vya hepesi tuliyoitaja imeitwa katika karatasi hii "chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba". Tena kamusi haitamlaumu mfasiri, kwa sababu kutupa mimba ndilo neno la wafugaji kwa mnyama aliyezaa kabla ya wakati, na ni bora kuliko "kutoa mimba", ambalo huashiria tendo la makusudi. Lakini jina "ugonjwa wa kutupa mimba" lina mwenyewe. Kwa mabwana mifugo wengi hilo ni jina la bruselosi, ugonjwa wa ng'ombe na mbuzi uletwao na bakteria, ambao humwambukiza pia binadamu. Chanjo ya bruselosi iliyotumika kwa miaka mingi kwa ndama majike ina bakteria hai, na inaweza yenyewe kuharibu mimba ya ng'ombe aliyekwisha kushika. Mtu akiagiza chanjo dukani kwa jina lililomo katika karatasi hii, ni rahisi apewe kitu ambacho hakikukusudiwa kabisa. Jina la kitaalamu, hata likiwa geni masikioni, lina faida moja: halichanganyiki na jingine. Tuseme "hepesi ya farasi namba 1", kisha tueleze kwamba huharibu mimba.

Kosa la tano liko katika maelezo ya pepopunda. Ziko dawa mbili zinazodungwa kwa ajili ya ugonjwa huo. Moja ni chanjo halisi, iliyotengenezwa kwa sumu ya bakteria wa pepopunda baada ya kuondolewa ukali wake. Mwili wa farasi hujifunza kutokana nayo na kujitengenezea kinga ya muda mrefu. Ya pili ni maji ya damu ya farasi mwingine mwenye kinga. Hayaufundishi mwili chochote, bali humwazima mnyama kinga ya wiki chache. Karatasi yetu imeziita zote mbili "kinga ya pepopunda". Tofauti yake si ya kitaaluma tu. Dawa hiyo ya pili imehusishwa na ugonjwa mkali wa ini ambao huwapata farasi wazima wiki kadhaa baada ya kudungwa, wakiwamo majike waliodungwa karibu na wakati wa kuzaa. Ugonjwa huo huitwa kwa jina la Arnold Theiler, aliyeueleza Afrika Kusini baada ya kuuona kwa farasi waliopewa serumu, na habari zake zimejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Ndiyo maana jike mwenye mimba hurudiwa chanjo halisi kabla ya kuzaa, ili dawa ile ya kuazima isihitajike. Tunapendekeza ya kwanza iitwe "chanjo ya pepopunda" na ya pili "serumu ya pepopunda", na neno "kinga" libaki kuwa jina la matokeo, si la dawa.

Kosa la sita limo katika neno lililo jepesi kuliko yote, yaani "salama". Maelekezo ya chanjo hutofautisha hali tatu. Iko chanjo iliyojaribiwa kwa majike wenye mimba na kuidhinishwa kwa ajili yao. Iko chanjo ambayo haijaidhinishwa kwao kwa kuwa majaribio rasmi hayakufanywa, ingawa madaktari wameitumia muda mrefu bila kuona madhara. Na iko chanjo iliyokatazwa. Mfasiri amezigawa zote mafungu mawili tu: "salama" na "si salama". Hali ya pili, ambayo ndiyo ya chanjo nyingi, imetupwa mara huku mara kule. Msomaji akiambiwa kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa "si salama", ataiacha, na jike atabaki bila kinga ya ugonjwa usio na tiba, ambao saisi mwenyewe aweza kuambukizwa kwa mate ya mnyama. Pungufu la neno moja limegeuka kuwa ushauri wa daktari. Hapa lugha yetu haikosi maneno: "imeidhinishwa", "haijaidhinishwa" na "imekatazwa" yanatosha kabisa, nayo kila karani anayafahamu.

Yapo na makosa mengine ambayo hatutayaandama. Karatasi inamwita jike "farasi mjamzito" na kusema kwamba "atajifungua". Sisi tungependelea "mwenye mimba" na "atazaa", kwa sababu mja ni binadamu na kujifungua ni neno la heshima kwa wanawake. Lakini hapana farasi atakayedhurika kwa heshima iliyozidi. Mhakiki wa istilahi hana budi kutenganisha kosa linaloudhi sikio na kosa linalomdhuru msomaji. Akiyapigia kelele yote kwa sauti moja, hakuna litakalosikika.

Tunajua kwamba hoja yetu ina wapinzani wenye akili. Watasema kwamba "chanjo hai" ni istilahi fupi, imekwisha kuenea katika tiba ya binadamu, na kwamba ufupi ni moja ya sifa za istilahi njema. Tena watasema kwamba kila istilahi ni ngeni mwanzoni, na msomaji hujifunza. Hatuyakatai hayo. Muuguzi aliyesomeshwa chuoni tofauti ya chanjo hizo atatumia "chanjo hai" bila hatari, na katika kitabu cha chuo tutaliacha neno hilo mahali pake. Lakini ufupi ni sifa ya istilahi baina ya wanaoijua maana yake. Karatasi ya maelekezo inasomwa mara moja, mkono mmoja ukiwa umeshika hatamu, na haina mwalimu pembeni. Humo ufupi unaoweza kufahamika kinyume ni hasara. Wala hatusemi kwamba saisi ndiye aamue peke yake. Chanjo ya farasi mwenye mimba yapasa kuamuliwa na daktari wa mifugo, kwa kuwa magonjwa hutofautiana kwa mahali, na idhini za dawa hutofautiana kwa nchi. Lakini daktari huondoka, na karatasi hubaki.

Tunatoa basi mapendekezo haya kwa wafasiri na kwa maofisa wanaopitisha maandishi ya namna hii:

(a) Katika maelekezo, "chanjo yenye vijidudu hai" na "chanjo yenye vijidudu vilivyouawa" ziandikwe kwa ukamilifu kila mara. Maneno "chanjo mfu" yasitumike.

(b) Umri wa mimba utajwe kwa maneno "mimba ikiwa na miezi" na tarakimu. Sehemu zake ziitwe theluthi.

(c) Jina la ugonjwa lisitolewe kwa dalili yake endapo dalili hiyo ni ya magonjwa mengi.

(d) Chanjo na serumu zitenganishwe.

(e) Hali tatu za idhini zitajwe kwa maneno matatu.

Ili isionekane kwamba tunabomoa bila kujenga, tunaiandika upya sehemu moja ya karatasi hiyo: "Jike apewe chanjo ya hepesi ya farasi namba 1 yenye virusi vilivyouawa, iliyoidhinishwa kukinga mimba, mara tatu: mimba ikiwa na miezi 5, miezi 7 na miezi 9. Wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa arudiwe chanjo ya pepopunda, ili dang'a yake iwe na kinga ya kumtosha mtoto. Chanjo yoyote yenye vijidudu hai asipewe bila kumwuliza daktari wa mifugo." Sentensi hizi ni ndefu kuliko zile za awali. Hata hivyo hazina neno moja ambalo saisi hatalielewa kwa kusomewa mara ya pili, isipokuwa jina la ugonjwa, ambalo ataliona limeandikwa vivyo hivyo ubavuni mwa chupa.

Jambo la mwisho tunalotaka kulisema lawahusu wanaotoa kazi za kutafsiri kuliko wanaozifanya. Kati ya makosa sita tuliyoyaeleza, hakuna ambalo lingempita mtu mmoja mwenye kuzoea farasi, laiti angalisomewa tafsiri hiyo kwa sauti kabla haijapigwa chapa na kuulizwa: "Sasa wewe utafanyaje?" Kazi hiyo haigharimu fedha nyingi wala haidai shahada. Tunashauri kwamba iwe sharti la kila ofisi inayotoa maelekezo ya dawa kwa Kiswahili, ya mifugo na ya watu, na kwamba jina la kazi ya aliyesomewa litajwe katika jalada pamoja na jina la mfasiri.